Tipo-Tipo aliondoka wakati pembe bado inalipa

Kila mtoto wa Maniema amesikia jina la Tipo-Tipo. Kuna wenye kumkumbuka juu ya dini ya Islamu na juu ya Kiswahili hiki tunachosoma, na kuna wenye kumkumbuka juu ya minyororo na vijiji vyenye vilichomwa. Pande zote mbili ziko na ukweli. Leo tutamwangalia kwa upande mwingine, wenye kutuhusu sana sisi watu wa mashimo na jamaa zetu: vile alishika mali yake. Maana aliishi kwa bidhaa moja, pembe ya ndovu. Ilitoka katika misitu yetu, bei yake ilipangwa mbali, ng'ambo ya bahari, na kwa miaka mingi bei ile ilikuwa inapanda tu. Ni sawa na kasiteriti, koltani na dhahabu ya leo. Na Tipo-Tipo alifanya jambo lenye wachache wanaliweza: alitoka katika biashara wakati bado inalipa.

Mtoto wa Unguja

Jina lake la kweli lilikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Zanzibar karibu mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara mkubwa kule Tabora. Damu ya jamaa ilikuwa imechanganyika, ya Waarabu na ya watu wa bara, na Hamed mwenyewe alikuwa mtu mweusi kama sisi.

Alianza kazi akiwa na miaka karibu 12. Hakuanza na pembe. Alianza na sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti wenye Wazungu walikuwa wanafanyia vernisi. Ilikuwa biashara ndogo ya pwani, na mtoto alijifunza kupima, kuhesabu na kurudisha deni. Karibu na miaka 18 baba yake akamchukua bara. Jina Tipo-Tipo lilikuja baadaye. Wengine wanasema ni mlio wa bunduki zake, wengine wanasema ni juu ya macho yake yenye yalikuwa yanapepesa kila mara.

Mali ya watu

Watu wengi wanafikiri Tipo-Tipo alianza na mali yake mwenyewe. Hapana. Alianza na avansi, kama vile PDG wa shimo anachukua avansi kwa negosiyan.

Mambo yalikwenda hivi. Wahindi wa Zanzibar walikuwa na vitambaa, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Walimpa mfanyabiashara bidhaa bila kulipwa papo hapo. Yeye anaingia bara miaka miwili, mitatu, hata zaidi, anarudi na pembe, na deni linalipwa kwa pembe na faida kubwa juu yake. Akifa njiani, deni linabaki kwa jamaa. Pembe zikifika pwani, Sultani naye anachukua ushuru wake. Mwenye kumwamini Tipo-Tipo kuliko wengine wote alikuwa Taria Topan, Mhindi tajiri wa Zanzibar.

Na pembe zilienda wapi? Zilienda Ulaya, India na Marekani. Wazungu walifanyia mipira ya biliardi, vichana, mipini ya visu, na zaidi ya yote vile vidole vyeupe vya piano. Kila jamaa ya Ulaya na Marekani yenye kupata franga kidogo ilitaka piano nyumbani. Ndiyo maana bei ilipanda mwaka kwa mwaka. Mtu mwenye kubeba pembe toka Nyangwe hakuwa amesikia piano hata siku moja, lakini piano ndiyo ilimweka njiani.

Kupanda kwake

Mwaka 1867 Tipo-Tipo alipigana na mfalme Nsama wa Itawa, upande wa kusini ya ziwa Tanganyika, akamshinda na kuchukua pembe zake nyingi. Mwaka ule ule alikutana na Livingstone akamsaidia. Kisha karibu mwaka 1870 alifunga safari yenye ilimweka mbali na Zanzibar miaka 12.

Katika safari ile ndiyo aliingia kwetu. Alifika Utetela kwa mfalme mzee Kasongo Rushie. Alikuwa amesikia habari za bibi mmoja wa ukoo wa kifalme mwenye alichukuliwa zamani kama mtumwa. Akasema yeye ni mjukuu wa ule bibi. Mzee akamkubali, akamwachia ufalme. Hakuna mtu anaweza kuthibitisha ujamaa ule, lakini ulimpa kile bunduki haiwezi kutoa: pembe zilikuja kama kodi, mfalme analetewa. Katika nchi yetu ya wakati ule pembe zilikuwa nyingi, na watu hawakuwa na soko yake.

Kisha akakaa Kasongo. Kukawa na mashamba ya mpunga, barabara, masoko, na wakubwa wadogo wenye kumtii. Mmoja wao alikuwa Ngongo Lutete. Mtoto wake Sefu alikuwa mkono wake wa kuume.

Mwaka 1876 Stanley alifika akitaka kushuka mto Lualaba mpaka mwisho wake. Wakapatana dolari 5,000 ili Tipo-Tipo amsindikize. Alimsindikiza sehemu ya njia, kisha karibu na mwisho wa mwaka akarudi. Stanley akaendelea mpaka akatoka baharini mwaka 1877, na juu ya malipo wakagombana. Pale ndipo kuna jambo la kukumbuka: Tipo-Tipo mwenyewe alisaidia kufungua njia yenye ilikuja kumwondoa. Mpaka siku ile pembe zote za Maniema zilitoka kwa upande wa mashariki. Baada ya Stanley, Wazungu walijua ya kwamba mto huu unazipeleka magharibi.

Mwaka 1882 alifika Zanzibar na msafara mkubwa wa pembe. Taria Topan alikuwa amengoja miaka 12. Akalipwa. Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa, na kulipa kule ndiyo kulifanya mlango wa mkopo ubaki wazi kwa Tipo-Tipo kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Alama zenye wengine hawakuziona

Sasa tuko katika miaka ya 1880. Pembe zinanunuliwa. Njia za Kasongo na Nyangwe zimejaa misafara. Ukiuliza mfanyabiashara yeyote wa Maniema wakati ule, angejibu ya kwamba kazi inaendelea vizuri. Lakini Tipo-Tipo hakuangalia bei peke yake. Aliangalia mambo mengine.

La kwanza, ndovu. Kila mwaka ilibidi kwenda mbali zaidi, toka Kasongo mpaka Stanley Falls, kule kunaitwa leo Kisangani, na kupita huko. Bei ikipanda na safari ikirefuka, faida haipandi sawa na bei. Mchimbaji anaelewa neno hili: shimo la mita tano na shimo la mita thelathini hayatoi franga sawa, hata kama negosiyan analipa bei moja.

La pili, mwenye inchi. Mwaka 1885 mataifa ya Ulaya yalimaliza mkutano wa Berlin, na mfalme Leopold wa Ubelgiji akatangaza Leta Huru ya Congo. Mwaka uliofuata Tipo-Tipo alienda Zanzibar kuona Sultani Barghash. Alimkuta mtu mwenye amechoka. Wadachi walikuwa wanamnyang'anya bara, Waingereza hawakumsaidia, na hakuwa na nguvu ya kutetea Maniema. Kwa Tipo-Tipo ile ilikuwa habari kubwa kuliko bei yoyote. Bendera yenye kulinda njia yake ilikuwa inashuka.

La tatu, njia yenyewe. Mashua za moshi za Leta zilikuwa zinapanda mto Congo mpaka Falls. Mashua moja inabeba pembe zenye mamia ya watu walibeba kichwani miezi na miezi. Mwenye mashua anaweza kumlipa muuzaji zaidi na bado akapata faida.

Mwaka 1887 akafanya jambo lenye liliwashangaza wengi. Alitia mkono kwenye mkataba na Leopold, akawa wali wa Falls kwa mshahara wa paundi 30 kwa mwezi. Kwa mtu mwenye mali yake, paundi 30 ni kitu kidogo sana. Wengine walimcheka, wengine walimwita msaliti. Mimi naona alinunua wakati. Kwa miaka mitatu bendera ya Leta ilikaa juu ya nyumba yake, na pembe zake ziliendelea kutoka.

Kuondoka

Mwaka 1890 aliondoka Falls, akafika Zanzibar Julai 1891. Hakurudi tena. Ni kweli kulikuwa na sababu nyingine: Stanley alikuwa amemfungulia kesi Zanzibar juu ya wabebaji wenye hawakupatikana kwa msafara wa Emin Pasha, na ilibidi ajibu. Kesi ile ilikufa yenyewe.  Alibaki.

Mali yake akaigeuza. Pembe zikawa nyumba za mawe katika mji wa Zanzibar na mashamba ya mikarafuu na minazi. Mwaka 1895 alihesabiwa kuwa na mashamba 7. Kumbuka, biashara ya pembe haikufa Ulaya. Piano zilizidi kutengenezwa, mpaka kuingia karne ya 20. Kwa hiyo mtu wa hesabu fupi angesema ya kwamba aliondoka mapema, aliacha faida mezani pa wengine.

Tuangalie basi wale wenye walibaki.

Wenye walibaki

Septemba 1891, miezi miwili tu baada ya Tipo-Tipo kufika Zanzibar, Leopold alitoa amri ya siri: pembe na kauchu ni mali ya Leta. Mawakala wa Leta walipata zawadi kwa pembe zenye waliingiza. Bei ilikuwa pale pale, lakini haikuwa tena ya watu wa Kasongo.

Mei 1892 Hodister na wenzake, Wazungu wa kompanyi wenye walikuja kununua pembe, waliuawa upande wa Riba-Riba, kwenye Lokandu ya leo. Vita ikawaka. Sefu akaongoza watu wa Kasongo. Ngongo Lutete alikuwa amehamia upande wa Leta na askari wake wengi. Machi 1893 Nyangwe ikaanguka mikononi mwa Dhanis. Aprili 22 ikawa zamu ya Kasongo. Maghala yakachukuliwa. Ngongo Lutete naye, baada ya kuwasaidia Wabeleji kushinda, alihukumiwa na maofisa wao, akapigwa risasi Septemba 1893. Mwezi uliofuata Sefu alikufa vitani. Januari 1894 Rumaliza, mshirika mkubwa wa Tipo-Tipo, alishindwa, akakimbilia upande wa Wadachi.

Katika miezi ipatayo 20, wakubwa wote wa pembe wa Maniema walikuwa wamekufa, wamekimbia au wamejisalimisha. Hawakuangushwa na bei. Waliangushwa juu mali yao yote ilikuwa fasi moja, mikononi mwa mwenye bunduki zaidi, na kila faida waliyopata waliirudisha katika pembe nyingine, baruti nyingine, msafara mwingine.

Tipo-Tipo naye hakutoka mzima. Alipoteza mtoto. Alipoteza mali yenye ilibaki Congo mkononi mwa Sefu. Rumaliza akamfungulia kesi mbele ya Wadachi juu ya hesabu za ubia wao, na kesi ile ilimsumbua. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ubia wa maneno ya mdomo unageuka ugomvi siku ya kugawana. Lakini sehemu yenye aliihamisha mapema ilibaki.

Mguu wenye kuoza

Hapa nisimame kidogo, maana ukurasa huu si wa kumsifu. Mimi ni mtu wa sendika, na mtu wa sendika akiona utajiri anauliza kwanza nani aliubeba.

Pembe haikutembea yenyewe toka Kasongo mpaka pwani. Ilibebwa. Frasila moja ni kilo karibu 16, na pembe moja kubwa inaweza kuwa frasila mbili au zaidi. Safari ilipita kilomita elfu na mia kadhaa. Wabebaji wengine walikuwa Wanyamwezi wenye kulipwa mshahara. Wengine walikuwa watu wetu, wamekamatwa, na pwani wakauzwa pamoja na mzigo wao. Vijiji vyenye vilikataa vilichomwa. Mtu aliyebeba hakuwa na la kuhamisha bei ilipogeuka. Tipo-Tipo alihamisha pembe kuwa nyumba, lakini mbebaji alibaki na mgongo wake tu.

Na katika hesabu ya mali yake ya Zanzibar, pamoja na yale mashamba 7, walihesabiwa watumwa 10,000. Watu walikuwa sehemu ya akiba yake. Mwaka 1897 Sultani wa Zanzibar, chini ya Waingereza, alitoa amri ya kuondoa utumwa mbele ya sheria. Shamba la karafuu lenye kulimwa na watumwa likageuka shamba lenye kutafuta vibarua. Kwa hiyo hata ile mali aliyoona ni salama ilikuwa na mguu mmoja wenye kuoza tangu mwanzo. Ukiweka akiba yako juu ya jasho la mtu asiyelipwa, siku moja sheria au mtu mwenyewe atakuja kudai.

Miaka ya mwisho alikaa nyumbani Zanzibar. Aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Mdachi Heinrich Brode akayachapisha, kati ya vitabu vya kwanza vya aina ile katika lugha yetu. Alikufa Juni 1905 kwa malaria. Nyumba yake katika Mji Mkongwe bado inaonyeshwa kwa wageni.

Kwa watu wa mashimo

Baada ya pembe, Maniema ilipata bidhaa nyingine yenye bei ya mbali. Tangu miaka ya 1930 Kalima, Punia na Kailo zilitoa kasiteriti. Wazee wetu wa Symétain, na baadaye Sominki, walidhani kazi ile haina mwisho. Oktoba 1985 soko ya bati ya London ilifungwa kwa ghafla, bei ikaanguka karibu nusu, na Sominki haikusimama tena vizuri. Kisha mwaka 2000 koltani ilipanda kama moshi, na mwaka 2001 ilikuwa imeshuka. Jamaa nyingi zinakumbuka miaka hiyo yote miwili.

Hakuna mtu hapa Kindu anaweza kujua siku yenye bei itageuka. Tipo-Tipo naye hakuijua. Alichojua ni kuangalia mambo matatu: shimo linazidi kuwa mbali namna gani, nani anashika njia na karatasi, na deni liko kwa nani. Tukiyaangalia yale matatu, kila jamaa inaweza kufanya kitu kidogo wakati bei bado iko juu.

Kwanza, maliza avansi. Mchimbaji mwenye deni hauzi kwa bei ya soko, anauza kwa bei ya negosiyan wake. Miaka ya bei nzuri ndiyo miaka ya kutoka katika deni. Wengi wetu tunafanya kinyume: bei ikipanda tunaongeza mkopo, tunanunua pompi ya pili, tunaajiri watu wengine kumi. Bei ikishuka, pompi inauzwa nusu na deni linabaki zima.

Pili, kila mauzo yatoe sehemu yenye haitarudi shimoni. Si lazima iwe kubwa. Parseli yenye karatasi za kweli, shamba la mpunga au mchikichi, cherehani ya mama, minervali ya watoto iliyolipwa mpaka mwisho wa mwaka, zamu katika likelemba yenye watu waaminifu. Lakini usiweke hata hivi vyote fasi moja. Aliyeweka vyote katika karafuu na watumwa aliona mwaka 1897.

Tatu, andika. Daftari moja inatosha. Nani alitoa nini katika shimo, nani anadai nini, nani atapata nini. Baba na mama wote wawili waijue. Shimo likianguka juu ya baba, mama asianze kuuliza kwa negosiyan kama kuna kitu kimebaki. Na jina la kila mwenye kubeba mzigo liwe ndani ya ile daftari, na malipo yake pembeni.

Kuna jambo moja lenye Tipo-Tipo alikuwa nalo na sisi hatuna: alikuwa na fasi nyingine ya kwenda. Sisi hatuendi Zanzibar. Bei ikishuka tutakuwa hapa hapa, kati ya Lualaba na misitu. Ndiyo sababu hesabu yetu haiwezi kuwa ya mtu mmoja mmoja mwenye kukimbia mapema na kuwaacha wenzake na Sefu vitani. Iwe ya kooperativa, ya sendika, ya mtaa: deni limalizwe pamoja, karatasi za shimo zitafutwe pamoja, na sanduku la msaada lijazwe sasa, wakati kilo bado inalipa.